Dobi wa Bagram na Paa la Kamulu

Fomu ilifika mezani kwangu Jumanne, tarehe 4 Mei 2021. Ilijazwa kwa mkono, ikapigwa picha, ikatumwa kwa baruapepe. Mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika orodha. Kiasi kinachoombwa: shilingi 1,200,000. Muda wa kulipa: miezi 36. Sababu: kumaliza nyumba. Kazi: dobi. Mahali pa kazi: Bagram, Afghanistan. Pamoja nayo zilikuja hati za malipo za miezi mitatu, nakala ya mkataba unaoisha 31 Desemba 2021, na majina ya wadhamini wanne.

Mimi ni afisa wa mikopo katika Sacco moja, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Nairobi. Sacco yenyewe sitaitaja, wala mwajiri wa mwanachama huyu. Yeye nitamwita Baba Mwende, mkewe Mama Mwende, na vijambo vidogo vidogo nimevibadilisha ili majirani wao wa Kayole wasije wakawanyooshea vidole. Wote wawili wanajua ninaandika. Nakileta kisa hiki kwa sababu maombi ya aina hii tuliyapokea kadhaa mwaka ule, kutoka kwa watu waliokuwa wanakaribia kumaliza kazi kwenye vita visivyo vyao, na karibu yote tuliyasoma vibaya. Tuliangalia mshahara ni mkubwa kiasi gani. Hatukuangalia unasimama juu ya nini.

Nianze na jinsi kamati ilivyomwona. Baba Mwende alikuwa mwanachama tangu enzi zake za kufua mashuka katika hoteli moja ya mjini. Mwaka 2018 wakala akampeleka Dubai, na kutoka Dubai akapandishwa ndege ya Bagram, kambi kubwa ya ndege za kivita mkoani Parwan, kaskazini mwa Kabul. Tangu hapo akiba yake ilikuwa inaingia kila mwezi bila kuruka. Kufikia Mei 2021 alikuwa na shilingi 420,000. Kanuni yetu, kama ya Sacco nyingi, ni mara tatu ya akiba, kwa hivyo alikuwa na haki ya kuomba hadi 1,260,000. Mshahara wake ulikuwa dola 900, na wakati huo dola ilikuwa kwenye shilingi 107 hivi, basi weka 96,000 kwa mwezi. Mkopo aliouomba, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, ungemgharimu kama 39,900 kila mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yanayozidi theluthi mbili ya mshahara. Yeye hata nusu hakufika. Kikokotoo kilikuwa kinacheka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mstaafu ninayemheshimu, aliitazama ile karatasi akasema, "Huyu ni mtu wa dola. Hapa tunajadili nini?"

Mimi nilikwama kwenye tarehe.

Anayefuatilia habari atakumbuka kwamba tarehe 29 Februari 2020, kule Doha, Marekani na Taliban walitia saini makubaliano ya kuondoka. Vyombo vya habari vilizungumza sana kuhusu wanajeshi. Lakini ukiyasoma makubaliano yenyewe, na ni marefu ya kurasa chache tu, utakuta kwamba waliotakiwa kuondoka ndani ya miezi 14 si wanajeshi peke yao. Wametajwa raia wasio wanadiplomasia, walinzi wa kampuni binafsi, wakufunzi, washauri, na wafanyakazi wa huduma. Wafanyakazi wa huduma ndio hao: wapishi, wazoa taka, mafundi wa jenereta, na dobi. Kwa maneno mengine, Baba Mwende alikuwa kwenye mkataba wa amani, ila hakuna aliyemwambia. Hesabu miezi 14 kutoka Februari 2020 uone inakuangusha wapi: mwanzo wa Mei 2021. Tarehe 14 Aprili Rais Biden akatangaza kwamba majeshi yatakuwa yametoka yote kabla ya 11 Septemba, na kuondoka kukaanza rasmi tarehe 1 Mei, siku tatu kabla ya ile fomu kunifikia.

Hiyo 31 Desemba, basi, ilikuwa tarehe ya karatasi. Na karatasi yenyewe ilikuwa imejihami. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu kinachompa mwajiri ruhusa ya kuvunja mkataba wakati wowote mteja wake, yaani jeshi, akipunguza kazi. Mikataba ya kandarasi za vita huwa na kifungu cha aina hiyo, na si siri. Ila kamati hupenda kusoma ukurasa wa kwanza, penye mshahara, na wa mwisho, penye saini.

Jambo moja watu wa huku nyumbani hawalioni vizuri ni ukubwa wa jeshi hili la pili lisilovaa magwanda. Aprili 2021 wanajeshi wa Marekani waliokuwa wamebaki Afghanistan walihesabiwa 2,500 kwa takwimu rasmi, lakini wafanyakazi wa kandarasi chini ya wizara yao ya ulinzi walikuwa karibu 17,000. Kwa kila askari, watu sita au saba wa kumpikia, kumfulia, kumtengenezea gari. Kufikia Juni walikuwa wameshapungua chini ya 8,000. Nusu nzima ikaondoka ndani ya miezi miwili na ushee. Ukiwa afisa wa mikopo, unaelewa maana ya namba hiyo bila kufafanuliwa.

Nikamwandikia ujumbe wa WhatsApp kwamba nina maswali mawili matatu. Akajibu atapiga akitoka zamu.

Alipiga saa kumi na moja alfajiri. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Wako mbele yetu kwa saa moja na nusu, tofauti ya ajabu ambayo mpaka leo hunichanganya. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nyuma ya sauti yake nilisikia mngurumo mzito usiokatika, nikadhani ni ndege, akaniambia ni mashine za kukaushia.

"Habari ya asubuhi, madam. Pole kwa kukuamsha."

"Hujaniamsha. Baba Mwende, siku hizi mnafua mifuko mingapi kwa usiku mmoja?"

Swali hilo sikulitoa kwenye mwongozo wowote wa mikopo. Mume wangu ni dereva wa trela, na nimejifunza kwake kwamba kazi huanza kupungua kwenye mzigo muda mrefu kabla haijapungua kwenye barua ya ofisi. Baba Mwende alinyamaza kidogo. Baadaye alinieleza mfumo wao: kila askari analeta mfuko wa wavu wenye namba, na karatasi ya orodha, soksi ngapi, suruali ngapi, fulana ngapi, dobi anahesabu mbele yake, wanatia saini wote wawili, na siku ya tatu mfuko unarudi umekunjwa. Kwa hiyo mtu asiponiambia habari za siasa za Kabul, anaweza kuniambia idadi ya mifuko, na hiyo haidanganyi.

"Nilipofika huku tulikuwa tunapiga mia sita," akasema. "Krismasi iliyopita tulikuwa mia nne. Usiku huu tumefua mia moja themanini na tatu."

"Na mashine?"

"Kumi na mbili zimeshafungwa plastiki. Zinangoja kuondolewa."

"Kwa hivyo unajua."

"Najua, madam. Hapa kila mtu anajua, hata wale wanaojifanya hawajui. Ndiyo maana nauomba sasa hivi, nikiwa bado na hati ya malipo."

Nilipenda alivyosema ukweli, ingawa ukweli wenyewe ulikuwa unalivunja ombi lake vipande vipande. Nikamwuliza kwa nini asirudi kwanza, akae chini na mkewe, halafu wajenge polepole kama watu wote wa Nairobi wanavyojenga, leo mawe, mwakani saruji. Nyumba yenyewe iko Kamulu, pembezoni mwa Nairobi, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia aliyoinunua mwaka wake wa kwanza kule Bagram. Ilikuwa imefika kwenye linta, ile boriti ya juu ya madirisha, ikasimama hapo miezi minane, nyasi zikaota sebuleni.

"Madam," akasema, "nikirudi hiyo nyumba haina paa, watu watasema Bagram nilienda kufua nguo."

Sikucheka, ingawa ndicho alichoenda kufanya. Nilielewa. Miaka mitatu mtaa mzima ulikuwa unamjua kama mtu aliye vitani. Mama yake mzazi, huko Machakos, alikuwa bado anakumbuka mwaka 2004, wale madereva watatu Wakenya waliotekwa Iraq mwezi wa saba na kuachiliwa mwanzo wa mwezi wa tisa. Kwake yeye hatari ilikuwa ni kutekwa au kupigwa roketi, na kila mwezi mwanawe alipopiga simu akiwa mzima, alihesabu kwamba ushindi umepatikana. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwanawe anarudi kuwa nani. Mtu wa namna hii, miezi ya mwisho inapofika, haombi mkopo wa nyumba. Anaomba mkopo wa kurudia nao. Anataka siku ya kushuka uwanja wa ndege kuwe na kitu cha kuonyesha chenye ukubwa sawa na muda aliopotea. Tukiliona hilo, tutaacha kuwaita watu hawa walaghai, kama alivyofanya mwenzangu mmoja ofisini, na pia tutaacha kuwapa kila wanachoomba.

Sasa wadhamini. Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo kamati zetu hulala usingizi. Wadhamini walikuwa wanne, wote wana akiba ya kutosha, wote hawana deni lililochelewa. Alama nne za tiki. Lakini nilipochambua faili zao, watatu kati yao walikuwa wafanyakazi wa Bagram. Baba Mwende mwenyewe ndiye aliyewaingiza kwenye Sacco, na wawili walikuwa wanalala naye bweni moja. Mshahara wao ulitoka kwa mwajiri mmoja, kwa kandarasi ile ile, chini ya kifungu kile kile cha ukurasa wa nne. Siku ambayo yeye atashindwa kulipa ndiyo siku ambayo wao pia watakuwa Dubai na mabegi yao wakisubiri ndege. Mdhamini kazi yake ni kusimama wewe unapoanguka. Hawa wangeanguka naye kwa teke moja.

Akabaki wa nne, mwalimu wa shule ya msingi, mwajiriwa wa Tume ya Huduma za Walimu, mshahara usiotikisika. Ni kaka yake Mama Mwende. Ukiyaondoa majina yale matatu yaliyosimama juu ya mchanga mmoja, mkopo wote wa milioni moja na laki mbili ulikuwa umeegemea hati ya malipo ya mwalimu mmoja mwenye watoto wanne.

Hapa nieleze kosa langu, maana nalo ni sehemu ya kisa.

Siku tatu baadaye Mama Mwende alikuja ofisini kwa shughuli yake mwenyewe. Naye ni mwanachama, anauza nguo za watoto za mitumba Umoja, na alikuwa anaulizia gawio la hisa zake. Tulizungumza vizuri. Kwa kuwa kaka yake alikuwa ametia saini, nilichukulia kwamba habari za mkopo anazijua, nikamwambia, "Na ule mkopo wa nyumba tunaushughulikia."

"Mkopo gani, dada?"

Kimya nilichokisikia pale sitakisahau. Hakuujua. Mumewe alikuwa amemwambia shemeji, "Dada yako anajua," na shemeji, kwa heshima, hakuuliza mara mbili. Na mimi, ninayefundishwa kila mwaka kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na usiri wa mwanachama, nikaipasua siri ya mtu kaunta, mbele ya watu wawili waliokuwa kwenye foleni. Nilijiripoti kwa meneja siku hiyo hiyo, nikapewa barua ya onyo, na niliistahili. Wapo wanaoniambia eti kosa lile ndilo lililookoa nyumba ya watu. Sikubali. Ningeweza kumpigia Baba Mwende na kumwambia kwamba hatuendelei mpaka mkewe atie saini kuwa anajua. Kwa nyumba ya familia hilo lilikuwa ndani ya uwezo wangu. Njia ilikuwapo, sikuipita.

Mama Mwende hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akauweka mkoba magotini, akauliza jambo moja tu: "Kwani yeye anarudi lini?"

Alikuwa ameambiwa Desemba. Alikuwa ameshapanga na Desemba: karo ya Mwende kuingia kidato cha kwanza, kodi ya vyumba viwili vya Kayole, hata safari ya kwenda kwa mama mkwe Krismasi. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye tarehe ya ukurasa wa kwanza. Nikamwambia hilo si langu kujibu, amwulize mwenyewe. (Angalau hapo nilikumbuka kazi yangu.) Akasema, akiwa amesimama tayari kuondoka, "Mimi paa sijaliomba. Mwambie hivyo ukiongea naye."

Siku nne Baba Mwende hakupokea simu yangu. Kaka mtu akaja kuondoa jina lake kwenye udhamini. Pesa zilikuwa hazijatoka, kwa hivyo alikuwa na haki hiyo. Nikadhani ombi limekufa.

Siku ya tano akapiga, alfajiri ile ile. Sauti ya mashine ilikuwa imepungua. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza kuliko kama angenilaumu. Akasema wameongea na mama watoto usiku kucha, kwa vipande, maana mtandao unakatika, na kwamba amemwambia kila kitu, pamoja na mifuko. "Sasa tufanyeje?" akaniuliza. Nilisikia kwamba "tu" hiyo haikuwa ya mimi na yeye.

Nilichokipeleka mbele ya kamati kilikuwa hiki. Tumpe shilingi 350,000, si zaidi, kwa miezi 18. Kiasi hicho kiko chini ya akiba yake mwenyewe, kwa hivyo hakihitaji mdhamini hata mmoja. Mambo yakiharibika kabisa, Sacco inakata kwenye akiba yake, mwalimu analala usingizi wake. Zitoshe mbao za kenchi, mabati ya geji 28 na mshahara wa fundi, basi. Madirisha, dari, sakafu, rangi, hayo yasubiri. Malipo ya mwezi yangekuwa kama 21,300. Na sharti moja ambalo niling'ang'ania mpaka mwenyekiti akachoka: kabla hajaondoka Bagram, kutoka kwenye mishahara yake ya mwisho, aweke malipo ya miezi sita, 127,800, kwenye akaunti tofauti ambayo tutaikata akirudi, ili miezi ile ya kwanza ya kutafuta kazi isiwe miezi ya kukimbizana na sisi. Mtu akitoka kwenye dola 900 na kuingia kwenye sifuri, miezi sita si starehe.

Mwenyekiti alipinga. "Mtu wa dola unampa laki tatu u nusu? Atahamia kwingine, na watu wake wote awahamishe." Hoja yake ilikuwa na uzito; wanachama wa ng'ambo walikuwa wanatuletea akiba nzuri. Mjumbe mwingine naye akapinga kutoka upande wa pili, kwamba mtu anayejua kazi inaisha asipewe chochote. Huyu wa pili sikumwelewa hata kidogo. Mwanachama aliyeweka akiba miaka yote hiyo, anayeomba chini ya alichoweka, unamnyima kwa sababu amekuwa mkweli? Wenzake waliosema Desemba bila kupepesa wangepita. Tulipiga kura, tatu kwa mbili. Pesa zikatoka 28 Mei, na kwa ombi la mume mwenyewe ziliingia kwenye akaunti inayohitaji saini za wote wawili.

Baba Mwende alipewa barua ya kumaliza kazi Jumatatu, 7 Juni. Siku nane. Miaka mitatu, halafu siku nane.

Zile siku nane ndizo ninazotaka kuzungumzia kidogo, maana nimeona watu wengi wakiondoka mikono mitupu kwa sababu ya furaha ya kurudi nyumbani, au ya woga. Februari ya mwaka ule pasi ya mvuke ilikuwa imemchoma mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alitibiwa zahanati ya kambini, akakaa nje siku kumi na moja bila malipo, akarudi kazini. Vidole viwili mpaka leo havikunji sawasawa, na kwa mtu anayekunja nguo, vidole ndivyo riziki yake. Nilipomwuliza kama amefungua dai, akasema, "Hayo ni ya Wamarekani, madam."

Si ya Wamarekani peke yao. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1941, Defense Base Act, inayomlazimu mwajiri wa kandarasi za kijeshi nje ya nchi hiyo kuwakatia bima wafanyakazi wake wa kila taifa. Mkenya, Mfilipino, Mhindi, wote wamo. Sheria inataka mwajiri aarifiwe kuhusu ajali ndani ya siku 30, na dai lifunguliwe kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, kupitia Wizara ya Kazi ya Marekani. Siku 30 zilikuwa zimepita. Lakini kama mwajiri alijua habari za ajali, kuchelewa huko hakumfungii mtu mlango, na mtu aliyetibiwa zahanati ya kambi yake mwajiri wake atasemaje hakujua? Kilichohitajika ni ushahidi. Nikamwambia asipande ndege bila nakala ya kadi ya zahanati, taarifa ya ajali kama ipo, barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, na hati ya malipo ya mwisho inayoonyesha likizo ambayo hakuichukua. Ukishatoka pale kambini na kambi ikafungwa, kabati la faili litakuwa wapi?

Kadi ya zahanati aliipata siku ya saba. Karani alikuwa ameshaanza kufungasha makaratasi kwenye masanduku, na ilibidi amrudie mara tatu. Alinitumia picha yake, karatasi imekunjamana, muhuri umepinda, tarehe inasomeka. Dai alilifungua Oktoba, ndani ya mwaka. Alilipwa, kiasi si changu kukitaja.

Aliondoka Bagram 15 Juni. Akakaa Dubai siku tisa hotelini, watu wanne chumba kimoja, wakisubiri vipimo vya korona na nafasi kwenye ndege. Tarehe 2 Julai majeshi ya Marekani yakaiacha kambi ya Bagram. Wakati huo yeye alikuwa Kamulu, amesimama chini ya kenchi na fundi, wakibishana juu ya misumari.

Wenzake wawili wa bweni hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa wamedhaminiana mikopo kwa mtindo ule ule, mwaka mmoja nyuma, kabla sijajifunza kuuliza habari za mifuko. Saini ya kupendekeza mikopo hiyo ni yangu. Bado tunazungumza nao kuhusu namna ya kulipa.

Mara ya mwisho kumwona Baba Mwende kwa ajili ya kisa hiki ilikuwa Jumatatu, 16 Agosti. Malipo ya Juni na Julai tulikuwa tumeyakata kwenye ile akiba ya miezi sita. Ya Agosti aliyaleta mwenyewe, taslimu, noti za mia mia na za mia mbili, kwa sababu alikuwa amepata kibarua cha kupiga pasi kwenye duka la dobi huko huko mtaani, shilingi 800 kwa siku, na mkewe alikuwa amejazia kilichopungua. "Zile nyingine ziacheni kwanza," akasema.

Ukumbini kwetu kuna televisheni iliyotundikwa juu ya kaunta. Kabul ilikuwa imeanguka siku moja kabla. Walikuwa wanaonyesha uwanja wa ndege, watu wanakimbia kandokando ya ndege kubwa ya kijivu, wengine wameishikilia. Foleni nzima ilikuwa imeinua shingo. Mama mmoja akasema, "Woi, hawa watu," na kijana wa nyuma yake, aliyekuwa anamfahamu Baba Mwende kutoka Kayole, akamwuliza, "Mzee, si huko ndiko ulikokuwa?"

"Hapana," akasema. "Kabul sijawahi kuiona."

Miaka mitatu hakuwahi kutoka nje ya ua wa kambi. Aliitazama ile picha kwa muda mfupi, akapokea risiti yake, akaikunja mara tatu kwa mkono wa kushoto, akanisogelea dirishani na kuuliza kama jina la shemeji yake lilikuwa limefutwa kweli kwenye faili. Nikaligeuza faili upande wake, akasoma mwenyewe.